Redio yasema 88, mtangazaji asema mia na kitu

Gari ni Toyota Noah ya kukodiwa, kazi yake kubeba watu kutoka Malindi kwenda Watamu, Kilifi, na mara nyingi hadi uwanja wa ndege wa Mombasa. Redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani: skrini yenye maandishi asiyoyasoma mtu hapa, tundu la CD, na basi. Haina Bluetooth wala pa kuchomeka flashi. Dereva akafanya wanavyofanya wenzake wengi wa hapa mjini, akanunua transmita ya FM ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti cha gari. Simu inapeleka muziki kwa transmita kwa waya, transmita inaurusha hewani kama kituo kidogo cha redio kisichovuka mita chache, na redio ya gari inaudaka.

Aliponijia, lalamiko lake lilikuwa na ramani kabisa. Ndani ya Malindi muziki safi, Gede safi. Kuanzia Matsangoni unakwaruza, Kilifi sauti mbili zinagombana, na akishavuka daraja kituo cha redio kinaingia mzimamzima na muziki wake unapotea. Akirudi, mambo yanajipanga kinyume, hata akifika Gede kumetulia.

“Fundi, nilikuwa na kina mama wa harusi kutoka Mambrui,” akaniambia. “Nimewawekea nyimbo za udi za Zein l'Abdin, wametulia, mara mtangazaji wa mpira anapiga makelele ya goli. Mama mmoja akaniuliza, mwanangu, umetufanyia makusudi?”

Alikuwa ameshanunua transmita ya pili. Mwenye duka alimwambia ya kwanza ni feki, akamuuzia nyingine ya bei ya juu kidogo, nayo ikafanya vilevile, mahali palepale. Hapo ndipo mtu anapaswa kuacha kulaumu kifaa. Kifaa kibovu hakijui Kilifi ni wapi. Kingesumbua Malindi, kingesumbua na Mtwapa. Hitilafu inayokuja na kuondoka kwa mahali inatoka nje ya gari, na kazi ni kujua imeingilia wapi.

Dereva mwenyewe si mtu wa kubahatisha, na hilo ndilo lililokifanya kisa hiki kiwe kigumu. Transmita aliiweka kwenye 88 na pointi, redio akaiweka kwenye namba hiyohiyo, kama karatasi ya kifaa inavyoagiza. Tena kabla ya kuichagua namba ile alimpa kijana wake wa mizigo kabambe, ile simu ndogo yenye redio ya FM inayotumia waya wa visikizi kama antena, akamwambia aisikilize namba ile njia nzima. Kabambe ikatoa mkwaruzo mtupu kutoka Malindi hadi Mtwapa. Namba haina mtu. Na bado kituo kinaingia! Mambo mawili yasiyopatana, na yote mawili ni kweli.

Nilimwomba tutoke naye hadi Kilifi, na kituo kikishaingia asikizime, tukisikilize. Vituo vya redio havichoki kujitaja. Kila baada ya matangazo ya biashara utasikia jina na namba. Tukaegesha kando ya steji tukangoja. Mtangazaji akamaliza salamu za wasikilizaji, akataja kituo chake, akataja na namba yake. Namba ilikuwa juu ya mia. Skrini mbele yetu ilikuwa inasoma 88.

Dereva akacheka. “Redio hii ya Kijapani haijawahi kusema kweli, kaka. Stesheni zote ziko pasipo pao.” Alikuwa ameshazoea: stesheni alizijua kwa mahali zilipokaa kwenye redio yake, namba alikuwa ameshaacha kuzifuata. Nikatoa namba ya skrini kwenye namba ya mtangazaji. Tofauti ilikuwa 18 kamili.

Kwa asiyeijua habari ya redio hizi, inabidi turudi Japani kidogo. Kule redio ya FM ilipewa masafa ya megahezi 76 hadi 90. Juu ya hapo, kutoka 90 hadi 108, palikaliwa na chaneli ya 1 hadi ya 3 za televisheni ya analogia. Kwetu Kenya, kama sehemu kubwa ya dunia, FM ni 87.5 hadi 108. Wajapani walizima analogia karibu nchi nzima mwaka 2011, nafasi ikapatikana, na baadaye FM yao ikaongezewa hadi 95. Lakini redio za magari yaliyotengenezwa kabla ya hapo zinakomea 90. Ukiiacha ilivyo, redio kama hiyo inasikia 87.5 hadi 90 tu ya FM yetu: megahezi mbili na nusu katika ishirini na nusu. Ndiyo maana watu wanashusha gari zuri kutoka Kilindini, wanawasha redio, na kinachosikika ni kituo kimoja au viwili.

Dawa ya bei rahisi ni ekspanda. Hii ya Noah nilipovuta redio niliikuta nyuma yake: kiboksi cha kutosha kufichwa kiganjani, kimezungushiwa tepu nyeusi iliyoanza kuyeyuka kwa joto, kina tundu la antena upande mmoja, plagi ya kuingia kwenye redio upande wa pili, na waya mmoja mwekundu wa kukipa umeme. Kazi yake ni kuyateremsha masafa. Mawimbi yakitoka kwenye antena, ekspanda inayapunguza kwa kiasi fulani kisha inayakabidhi kwa redio. Zipo za 14, za 16, za 18 na nyinginezo. Ikiwa ni ya 18, kituo cha 100 kinafika kwenye redio kikiwa 82, na cha 108 kinafika kikiwa 90. Redio inadhani iko nyumbani kwao.

Basi tazama kilichotokea. Redio ikiwa kwenye 88 na pointi, ekspanda inaipelekea kituo kilichoko hewani 18 juu yake, yaani juu ya mia. Kituo hicho ndicho chenye haki ya mahali pale. Kimepita kwenye antena, kimepita kwenye ekspanda, kimeingia mlango wa mbele. Muziki wa transmita, unaorushwa kwenye 88 yenyewe, ekspanda inautupa chini hadi 70, ambako redio haifiki. Kinachosikika ni masalio yanayopenya dirishani, kupitia waya wa antena, bodi ya redio na ekspanda isiyochuja vizuri. Transmita iko sentimita chache kutoka kwenye redio, kwa hiyo masalio hayo yanatosha. Yanatosha Malindi.

FM nayo ina tabia yake. Mawimbi mawili yakifika kwenye masafa mamoja, redio hulishika lenye nguvu na kulitupa dhaifu karibu lote, tofauti na mawimbi ya kati (AM) ambako ungesikia sauti zote mbili kwa pamoja. Malindi kituo kile kiko mbali na ni dhaifu, masalio ya transmita yanashinda, dereva anaona kila kitu kiko sawa. Kilifi nguvu zinakaribiana, ushindi unahama kila gari likipita nyuma ya jengo au kupanda kilima, ndio ule ugomvi. Mtwapa kituo kina nguvu zake zote na transmita haina lake. Kabambe nayo ilisema kweli tangu mwanzo: kwenye 88 hapakuwa na mtu. Ila redio ya gari haikuwa ikisikiliza 88.

Kupima ekspanda ni kazi ya dakika chache na haihitaji mashine. Weka transmita kwenye 100.0, cheza wimbo unaoujua, kisha itembeze redio kwa mkono kutoka 76 kwenda juu, pointi moja moja. Usibonyeze kitufe cha kutafuta stesheni, maana huruka kisichokipenda. Katika Noah hii wimbo ulitokea 82.0, mkali na wa stirio. Nikahamisha transmita hadi 104.0, redio ikaupata 86.0. Kwa hiyo ni 18, hakuna ubishi. Ukisikia wimbo mahali pawili, shika penye sauti safi zaidi. Transmita ikiwa karibu mno na redio huacha vivuli.

Baada ya kujua hilo njia zilikuwa tatu, na sikuzipa uzito sawa.

Ya kwanza ni kung'oa ekspanda na kuunganisha antena moja kwa moja. Nilijaribu palepale, na muziki kwenye 88 ukawa kama CD. Kwa gari la mtu binafsi asiyejali redio, mimi ningeishia hapo. Ni bure na ndiyo safi kuliko zote. Lakini abiria wa kwenda Mombasa jioni wanataka taarifa ya habari ya saa moja, na mzee wa kiti cha mbele hataki kusikia habari za ekspanda.

Ya pili ni kubadilisha redio yenyewe, kuweka ya 87.5 hadi 108 yenye Bluetooth na tundu la flashi, na kuachana na transmita. Hiyo ndiyo ningemshauri mtu mwenye pesa mkononi. Yeye kamera ya nyuma ya gari imeungwa kwenye skrini ile ya Kijapani, na aliposikia kwamba nayo itahitaji kuungwa upya akaniambia tuyaongee baada ya msimu. Ingekuwa redio ya kaseti, kungekuwa na njia nyingine nzuri: ile kaseti bandia yenye waya, inayopeleka sauti kwenye kichwa cha kusomea bila kugusa masafa ya mtu. Yake ni ya CD.

Tukabaki na ya tatu: kuacha kupigana na ekspanda na kupita nayo. Transmita iwekwe kwenye namba ya juu isiyo na kituo, redio iwekwe 18 chini yake. Kuna sharti dogo ambalo wengi hawalijui. Namba ya transmita isizidi 105, ili ya redio ibaki chini ya 87.5. Chini ya hapo, huku kwetu hakuna vituo vya FM vinavyoweza kupenya dirishani. Kinachosikika ni kile kilicholetwa na ekspanda tu. Ukipita hapo unarudi palepale pa milango miwili.

Kijana wa mizigo akapewa kabambe tena, safari hii asikilize kuanzia 94 hadi 105 na aandike zisizo na mtu. Nilimwambia asiridhike na namba iliyo tupu peke yake. Majirani zake pia wawe watupu, pointi mbili kila upande, na kama zikipatikana nne ni bora, kwa kuwa kituo kimoja cha FM kinatanuka takriban kilohezi 200, yaani pointi mbili. Upande wa Malindi nafasi zilikuwa za kumwaga. Kuanzia Mtwapa kuelekea Nyali pakawa kama soko la Kongowea, na nafasi moja tu ikafaa. Namba inayofaa njia nzima haikupatikana. Dereva sasa anatumia mbili: moja kutoka Malindi hadi Kilifi, nyingine kuanzia Kilifi kwenda chini. Kwenye redio zote mbili zimehifadhiwa kwenye vitufe vya 1 na 2. Kwenye transmita inabadilishwa kwa mkono, gari likiwa limesimama Kilifi kushusha watu. Kubonyeza vitu hivyo huku unaendesha, kwenye barabara ile yenye malori ya simenti na bodaboda zisizo na taa, mimi simshauri mtu.

Palikuwa na tatizo jingine limejificha nyuma ya hili, na lilijitokeza la kwanza lilipoondoka. Muziki ulipokuwa safi tukasikia mlio mwembamba, kama wa mbu, unaopanda gari likikanyagwa mafuta na kushuka likiachiwa. Mlio unaofuata mzunguko wa injini ni wa altaneta, ile inayozalisha umeme wa gari. Simu ilikuwa inachajiwa kutoka kwenye tundu la USB la transmita, na wakati huohuo inapeleka muziki kwa waya kwenye transmita ileile. Arthi mbili, yaani njia mbili za umeme kurudi, zinakutana kwenye kifaa kimoja, mduara unafungika, na kelele za umeme wa gari zinapata njia ya kuingia kwenye sauti. Nilichomoa waya wa chaji, mlio ukakatika papo hapo. Transmita yake ya pili ina Bluetooth ambayo alikuwa hajawahi kuiwasha kwa kuamini inamaliza chaji ya simu. Tukaiwasha, waya wa muziki ukaondoka, chaji ikarudi, mlio haukurudi.

Sauti ya simu nayo alikuwa ameifungua hadi mwisho. Transmita ikilishwa sauti kubwa kupita kiasi inapasua, na besi ya muziki wa bango ndiyo ya kwanza kupasuka. Ikilishwa ndogo, mkwaruzo unajitokeza nyuma ya muziki. Robo tatu ya sauti ya simu, halafu mengine ongeza kwenye redio. Udi utaendelea kuonyesha udhaifu wa mtambo kuliko bongofleva, kwa sababu una nafasi za kimya kati ya nyuzi na kimya ndicho kinachoonyesha mkwaruzo. Na sauti nyembamba zaidi ya kilohezi 15 hazipiti kwenye FM hata ukinunua transmita ya dhahabu. Kuna na jambo la transmita zilizopangwa kwa Marekani: wao hunyanyua sauti nyembamba wakati wa kurusha kwa kipimo cha maikrosekunde 75, wakati redio za Japani huzishusha kwa 50. Muziki unatoka na makali ya ziada. Punguza trebo kidogo, yamekwisha.

Lipo pendekezo alilopewa na mwenzake wa steji ambalo nililikataa: kuunga waya mrefu kwenye transmita ili ipate nguvu. Watu hulifanya, na kweli inapata nguvu. Lakini vifaa hivi vimeachiwa kwa sababu ni vidogo. Ulaya kikomo chao ni nanowati 50, Marekani hupimwa mita 3 kutoka kwenye kifaa na nguvu isizidi maikrovolti 250 kwa mita. Uingereza hata kuviruhusu ilikuwa ni mwaka 2006. Hapa kwetu masafa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kituo hakirushwi bila leseni, kiwe cha nani. Tena mara tu ukivuka 108 unaanza masafa ya ndege, ya kuziongoza kisha ya kuzungumza nazo, na transmita za bei rahisi hazirushi kwenye namba moja tu, huvuja pembeni. Uwanja wa ndege wa Malindi uko kando ya barabara ileile anayopita kila siku. Nilimwambia, ami, muziki wa kina mama wa harusi usimfikie rubani.

Tulichofanya badala yake ni kuisogeza transmita. Antena ya Noah hii imechorwa kwenye kioo cha nyuma, na transmita ilikuwa kwenye dashibodi, urefu wote wa gari kati yao. Ilipokuwa inategemea kupenya dirishani, kuwa karibu na redio kulimsaidia. Sasa muziki unapita kwenye antena kama vituo vingine, kwa hiyo inapaswa kuwa karibu na antena. Waya wa kurefusha soketi ya kiberiti, ule wa kuuzwa madukani, ukaipeleka hadi nyuma ya kiti cha katikati. Kijana wa mizigo ndiye anayeifikia, na ndiye anayeibadilisha Kilifi, jambo ambalo amelipandia cheo.

Mtwapa bado kuna mahali, kabla ya daraja la kijito, ambapo muziki unakatika kwa sekunde chache kisha unarudi. Sikuhangaika napo.

Transmita ya kwanza, ile iliyoitwa feki, ilikuwa nzima siku zote. Ameichukua ndugu yake wa Marafa mwenye Probox ambayo haijawahi kufungwa ekspanda. Kwake yeye karatasi ya kifaa inasema kweli: 89 na ushei kwenye transmita, 89 na ushei kwenye redio, na anabeba maembe huku akisikiliza ngoma ya mwanzele kutoka kwenye simu.